Msiikate Surat Yusuf kwenye aya ya 52

Ramadhani ikiingia, darasa nyingi za tafsiri ya Qur'ani huku kwetu, Mbeya hadi Iringa, huenda kwa juzuu, yaani fungu moja kati ya 30 za msahafu: usiku mmoja, juzuu moja. Usiku wa 12 mwalimu anafika aya ya 52 ya Surat Yusuf, anafunga msahafu, watu wanavaa viatu wanaondoka. Kesho yake anafungulia "Wamaa ubarriu nafsii", wala sijitakasi nafsi yangu. Nani anasema? Hakuna anayeuliza, na aliyekosa darasa la jana hata hajui kwamba kuna swali. Jambo hili linaniuma.

Juzuu 30 ziliwekwa baadaye, kwa kupima urefu, ili msomaji akhitimishe kwa mwezi. Hazikuwekwa kwa kufuata maana. Mpaka wa juzuu ya 12 na ya 13 umeangukia katikati ya maneno ya mtu. Katika aya ya 51 mke wa Mheshimiwa, yaani al-Aziz, bwana aliyemnunua Yusuf Misri, anakiri: sasa haki imedhihiri, mimi ndiye niliyemtaka. Aya ya 52 na ya 53 zinafuata bila "akasema" mpya. Mfasiri wa Qur'ani Tabari aliona kwamba hapo msemaji ni Nabii Yusuf (a.s.). Mfasiri mwenzake Ibn Kathir akaona ni yule mwanamke, maana maneno ni mfululizo mmoja na Yusuf mwenyewe bado yuko gerezani. Mfalme anaagiza aletwe katika aya ya 54. Ukikata kwenye 52, msikilizaji hawezi kupima hoja ya yeyote kati yao.

Na hasara kubwa zaidi ni kwamba hapo ndipo sura inapogeuka. Aliyepanda mlima wa Kitonga anajua: kona ya mwisho kupanda ndiyo ya kwanza kushuka. Surat Yusuf imejengwa hivyohivyo. Mafundo yanafungwa kwa mpangilio huu: ndoto ya Yusuf, njama ya ndugu zake, mke wa Mheshimiwa, wanawake wa mjini, gereza, ndoto ya mfalme. Kisha yanafunguliwa kinyumenyume: ndoto ya mfalme inafasiriwa, mlango wa gereza unafunguka (ingawa Yusuf hatoki mpaka asafishwe), wanawake wanamsafisha, mke wa Mheshimiwa anakiri, ndugu wanatubu, na ndoto ya kwanza inatimia kwenye aya ya 100. Mtafiti wa Qur'ani Mustansir Mir aliueleza mpangilio huu mwaka 1986, na wataalamu wa balagha, elimu ya ufasaha wa Kiarabu, walikuwa na jina lake zamani: laffu na nashri, kukunja na kukunjua.

Tazama aya ya 51 kwa karibu. Mfalme anawauliza wanawake kwanza, nao wanajibu "hasha lillahi", Mungu apishe mbali, hatukujua ubaya wowote kwake. Rudi aya ya 31: wanawake walewale, visu mikononi, walisema "hasha lillahi", huyu si mtu. Tamko ni lilelile. Mara ya kwanza wameduwazwa na uzuri wake, mara ya pili wanashuhudia usafi wake. Baada yao ndipo mke wa Mheshimiwa anasema, na anamalizia kwamba Yusuf ni "miongoni mwa wakweli". Maneno hayo yalikwisha kutajwa katika aya ya 27, shahidi alipoweka kipimo cha kanzu: ikiwa imechanwa kwa nyuma, mwanamke kasema uongo, naye Yusuf ni miongoni mwa wakweli. Kanzu ilitoa ushahidi siku ileile. Kinywa kikakubali baada ya miaka ya jela.

Kanzu yenyewe inatajwa mara tatu: yenye damu ya uongo (18), iliyochanwa (25 hadi 28), na ile inayorudisha macho ya Yaaqub (93 na 96). Wanaoagizwa kuibeba hii ya mwisho ni walewale walioleta ya damu.

Halafu kuna ahadi. Aya ya 12 ndugu wanaomba wapewe Yusuf: "wa inna lahu lahafidhun", na hakika sisi tutamlinda. Aya ya 63 wanamwomba mdogo wake kwa maneno hayohayo, herufi kwa herufi. Anayedai kwamba ulinganifu huu ni wa kubuniwa na wasomaji amsikilize baba yao katika aya ya 64: je, niwaamini kwa huyu kama nilivyowaamini kwa nduguye zamani? Mzee mwenyewe anaisikia aya ya 12 ndani ya aya ya 63. "Fasabrun jamil", subira ni njema, kauli ya huyo baba, nayo iko 18 na 83.

Nakubali, wapo wanaozidisha. Wanahesabu aya kwa rula na kulazimisha kila neno lipate mwenzake, na zisipolingana wanakata wanapotaka. Hilo halifai. Lakini hata mimi nisiyependa hesabu siwezi kuipita aya ya 56, ya katikati kabisa kati ya 111: "Na hivyo ndivyo tulivyompa Yusuf makamo katika ardhi." Sentensi hiyo ilikwisha kusemwa katika aya ya 21, Yusuf alipokuwa mtoto aliyenunuliwa.

Huku kwa wakulima wa mahindi, aya ya 47, ya kuacha nafaka katika mashuke yake, hufafanuliwa vizuri sana. Basi na ujenzi wa sura upewe haki yake.

Tarawehe na iendelee kwa juzuu. Darasa lifuate sura. Sura nzima ni takriban kurasa 14 za msahafu wa Madina. Muda wa kati ya Magharibi na Isha ukiwa hautoshi, gawa siku mbili na ukate baada ya aya ya 57: hapo habari ya gereza na mfalme imekwisha, na aya ya 58 ndugu wanaingia Misri. Siku ya pili usianze na 58 moja kwa moja. Soma kwanza aya ya 8, ndugu wanaposema baba yetu yumo katika "dhalalin mubin", upotovu ulio wazi, kisha ruka hadi 95, baba anapoambiwa bado yumo katika "dhalalika-l-qadim", upotovu wake wa zamani. Kama tafsiri uliyonayo imetumia neno moja huku na jingine kule, sahihisha kwa penseli pembeni. Wasomee Kiarabu mara mbili, polepole, kabla ya kusema lolote, kisha rudi 58.