Kupima mkao wa sataranji: kasi na ufahamu

Programu ya sataranji hupekua hatua zinazowezekana, kisha hupima mkao wa kete unaofikiwa na kuupa namba. Ugumu uko hapo, kwa kuwa kipimo cha kina hula muda ambao ungetumika kupekua mbali zaidi.

Mwaka 1950 mwanahisabati Claude Shannon alipendekeza kipimo chepesi: malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3, askari 1, pamoja na marekebisho madogo ya udhaifu wa askari na uhuru wa kete kusogea. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, ilipima kwa kanuni za binadamu mikao ipatayo milioni 200 kwa sekunde. Mwaka 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind iliyojifunza yenyewe, ilipima 80,000 hivi tu kwa sekunde, lakini katika michezo 100 dhidi ya Stockfish, programu nyingine ya sataranji yenye nguvu, ilishinda 28 na kutoka sare 72. Masharti ya pambano hilo yalilalamikiwa, tena kwa haki. Hata hivyo ilikuwa wazi kwamba wingi wa upekuzi peke yake hautoshi.

Suluhisho lililonivutia zaidi lilitoka Japani, ambako Yu Nasu alibuni mwaka 2018, kwa ajili ya shogi (sataranji ya Kijapani), mtandao mdogo wa nyuroni, yaani mfumo wa hesabu zilizopangwa kwa matabaka unaojifunza kutokana na mifano, uitwao NNUE. Farasi anapotoka mraba wa g1 kwenda wa f3 bila kula kete, kilichobadilika ni kwamba farasi wa g1 hayupo tena na wa f3 yupo. Kwa hiyo programu huondoa kwenye jumla mchango wa farasi wa g1, huongeza wa farasi wa f3, na hesabu nyingine zote za tabaka la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, hubaki zilivyo. Mfalme akisogea ndipo upande wake huhesabiwa upya. Hivyo prosesa ya kawaida inatosha, na Stockfish iliupokea mtandao huo katika toleo la 12, mwaka 2020.

Wanaosikitikia kanuni za zamani za kupima mkao, zilizoandikwa na binadamu, wana hoja nzito. Stockfish ya awali iliweza kuonyesha jedwali: usalama wa mfalme kiasi hiki, askari waliopenya kiasi hiki. Mtandao hutoa namba bila sababu. Lakini tusilitukuze mno jedwali lile, maana uzito wa kanuni zake nao ulirekebishwa kwa majaribio ya maelfu ya michezo, na lilieleza mkao uliotulia tu, wala si vitisho vinavyoonekana baada ya upekuzi.

Kwa nguvu ya mchezo, naona kuziacha kanuni hizo kulikuwa sahihi. Kwa kufundisha, mwalimu anayetaka kumwonyesha mwanafunzi kwa nini mfalme wake yuko hatarini bado ana sababu ya kutunza toleo la 11 la Stockfish, lililotangulia mtandao huo.