Bibi wa Agadir kasikilizwa, bibi yangu kafokewa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Agadir, Morocco, nafuatilia karatasi za ukaazi, saa ya pili hiyo nimesimama. Mbele yangu bibi mmoja. Kiarabu cha kuungaunga, Kifaransa ndiyo hajui kabisa. Akaeleza shida yake kwa Tashelhit, lugha ya Waamazigh wa kusini huku (Berber msiwaite, wananuna). Karani akamjibu kwa Tashelhit hiyohiyo, wakataniana, muhuri ukagongwa, bibi huyo akaenda zake. Mlangoni jina la ofisi limeandikwa pia kwa Tifinagh, yale maandishi yao yenye herufi iliyokaa kama mtu kanyoosha mikono juu.

Niliona wivu, nakiri. Nilimkumbuka bibi yangu kwenye zahanati moja nyumbani, anaeleza kifua kinavyombana kwa Chasu, lugha yetu Wapare wa Tanzania, nesi anamfokea: "Bibi, ongea Kiswahili, hapa si kijijini kwenu!" Na zahanati yenyewe iko kijijini kwetu.

Najua mtakachosema. "Kapanda ndege mara moja, kaota mapembe." Jamani, sikai peponi. Wiki haipiti sijaitwa azzi mtaani, tusi lao la kumtukania mtu mweusi. Halafu hicho kibao cha Tifinagh hawakupewa bure.

Kuna mshairi wao, Ali Sidqi Azaykou, mzaliwa wa milima ya Atlas mwaka 1942, mwalimu wa historia chuo kikuu kule Rabat. Aliandika makala kwenye jarida lililoitwa Amazigh, akisema utamaduni wa Morocco si Uarabu peke yake. Mwaka 1982 akafungwa. Mwaka mzima jela, kwa makala! Alipotoka hakunyamaza. Alitoa diwani Timitar, yaani alama, kisha Izmulen, yaani makovu. Mashairi yake yaliimbwa na Ammouri Mbarek, kwa hiyo hata wasiojua kusoma waliyapata. Alifariki 2004. Katiba iliyokifanya Kiamazigh lugha rasmi ilikuja 2011, yeye yuko kaburini miaka saba.

Sasa namsikia mmoja: "Unatuletea ukabila. Mwalimu Nyerere alituunganisha." Kaka, Kiswahili nakipenda pengine kukuzidi. Nimetoka Same hadi Kigoma bila mkalimani, nikiwasimulia wenzangu hapa wanadhani natia chumvi. Kwetu hakuna mshairi aliyelala rumande kwa sababu ya Chasu, na hilo najivunia. Ila ndilo linaloniudhi pia! Wenzetu walitishwa, wakang'ang'ania. Sisi tumetiwa aibu tu kidogo na nesi, na mwalimu wa darasa la pili, tukaiweka lugha chini wenyewe. Redio gani umeisikia ikisoma habari kwa Chasu? Nani kati yenu amemfundisha mwanawe hata kuhesabu hadi kumi? Mnawalipia ada za mamilioni wakaongee Kiingereza na mbwa wa jirani.

Na wewe unayetaka kuniuliza Chasu changu kiko wapi, subiri nikwambie. Jana nilimtumia dada ujumbe wa sauti kwa Chasu. Sentensi ya tatu nikachomeka "yaani", ya nne yote ikatoka Kiswahili. Kanijibu kwa vikatuni vya kucheka, mstari mzima.