Milimita 11 za Kunitoa Roho

Jamani, mimi ni mtu mvumilivu, waulizeni walionizunguka. Nimeikwangua kutu pikipiki kuukuu miezi saba sikuguna. Nimelinyoosha tenki lililobonyea kama limekanyagwa na tembo. Nimefunga njiti za magurudumu yote mawili, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikasahau kujikunja. Sikulalamika. Lakini hii taimingi, kule kupanga cheche iruke wakati gani, itanizika.

Pikipiki yenyewe ni ya Kiingereza, ya miaka ya 1940, silinda moja ya nusu lita, na moto wake unatoka kwenye magneto, kile kimtambo kinachozungushwa na injini kikazalisha umeme wa cheche. Kila anayechungulia bandani ananiuliza, "Umebakiza nini?" Nikisema taimingi, anacheka: "Ah, basi umemaliza!" Nimemaliza? Njoo ushike spana wewe.

Ukielezwa, kazi ni ya kitoto. Petroli haiungui kufumba na kufumbua, kwa hiyo cheche ya plagi inatakiwa iruke mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Ukichelewa, mlipuko unaikuta imeshageuza kisogo, inateremka zake. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema platini, vile vipande viwili vya chuma ndani ya magneto ambavyo vikiachana tu cheche inaruka, zianze kuachana pistoni ikiwa imebakiza milimita 11 kufika juu, na ule wenzo wa usukani wa kuwahisha moto uwe umewahishwa mpaka mwisho. Sentensi moja! Aliyeiandika hakuwa na magoti.

Kwanza uijue juu ni wapi. Na juu ziko mbili, maana injini hii inazunguka mara mbili ndipo iwake mara moja. Unaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, unazungusha gurudumu la nyuma gia ikiwa kubwa kabisa, upepo ukikisukuma kidole ujue umeipata juu ya kweli. Mara ya kwanza nilikamata ile nyingine. Nilipopiga kiki kabureta ikanipigia chafya ya moto usoni. Nyusi zinarudi, asanteni kwa kuuliza.

Halafu unatumbukiza njiti ya kupimia kwenye tundu la plagi na kuitazama ikipanda. Sasa pistoni ikikaribia juu inazubaa. Unazungusha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, digrii 10 nzima, yenyewe imesogea milimita moja hivi tu. Ni kama mgeni anayeaga mlangoni: ameshasema kwaheri, amesimama palepale. Sasa utaanzaje kupima milimita 11 kutoka mahali usipopajua? Dawa yake ni kuizuia pistoni kwa kizuizi kabla haijafika juu, uweke alama kwenye krenki, uizungushe kinyume mpaka igonge tena, uweke alama ya pili, kisha juu ni katikati ya alama hizo. Hiyo niliielewa siku ya tatu.

Tuje kwenye platini. Utajuaje zimeachana, na mwanya wake wote zikifunguka ni milimita 0.3? Nilijitia ufundi nikaunga taa na betri, nikingoja taa izimike. Haikuzimika. Ndani ya magneto kuna koili iliyoungwa na bodi, yaani chuma chenyewe, kwa hiyo umeme unajipitia kwa mlango wa nyuma hata platini zikiachana. Taa inafifia kidogo tu, na mimi macho yangu nayo yamefifia, tukawa tunatazamana.

Mafundi wa zamani walitumia karatasi ya sigara. Unaibana katikati ya platini, unaivuta polepole huku unazungusha injini; inapoteleza, hapo ndipo zinapoachana. Inafanya kazi vizuri mno, sikatai. Ila mimi sivuti sigara. Mke wangu akazikuta zile karatasi mfukoni mwa suruali.

"Baba watoto, hizi ni za nini?"

"Za magneto, mke wangu."

"Huyo Magneto ndiye nani?"

Kesi hiyo bado inasikilizwa.

Lakini hayo yote ningeyasamehe kama si nati. Gia inayoizungusha magneto imekalia shafti iliyochongoka kama ncha ya penseli, haina kifunga kingine, inashikwa na nati tu. Unapanga kila kitu. Njiti inasoma 11. Karatasi inateleza. Unashusha pumzi, unakaza nati, na gia inazunguka nayo. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Na kwa kuwa magneto inakwenda nusu ya mwendo wa krenki, ukikosea digrii 1 huku, kule umekosea 2. Unafungua, unaanza upya. Nimefanya hivyo mara tisa. Mara ya kumi gia ikatulia, nikaimba.

Wimbo haujaisha nikakumbuka sijapima mwanya wa platini. Fila, kile kibati cha kupimia mwanya, ikaniambia 0.45. Ndugu zangu, mwanya unapimwa kwanza! Ukiwa mpana, platini zinawahi kuachana. Ukiurekebisha, taimingi yote imekuhama. Nilikaa chini sakafuni. Mwanangu aliyekuwa ananishikia tochi akaondoka bila kuaga, na tochi akaenda nayo.

Jana usiku, saa tano, mambo yakakaa sawa. Mwanya 0.3, njiti 11, nati imekazwa, gia haikunong'ona. Nikapiga kiki kwa nguvu zote, nikasahau kuurudisha ule wenzo wa usukani ili moto uchelewe. Kiki ikanirudishia teke langu pamoja na riba. Nilipotua nilikuwa upande wa pili wa banda, kiatu kimebaki kule.

Nikachechemea, nikaurudisha wenzo, nikapiga tena kwa adabu. Ikawaka!

Wee, ule mlio! Du, du, du, nzito, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Machozi yalinitoka. Mke wangu akaja na khanga begani, jirani akawasha taa, mbwa wote wakapokezana.

"Hongera," mke wangu akapaza sauti. "Sasa zima!"

Nikatafuta swichi. Magneto inajitengenezea umeme wake, haina betri, haina ufunguo. Inazimwa kwa waya mmoja unaoupeleka umeme wake kwenye bodi. Waya huo ninao. Umo ndani ya boksi la viatu, pamoja na kebo ya klachi, na boksi liko juu ya kabati chumbani walikolala watoto.

"Baba watoto, nimesema zima!"

Nikafunga koki ya petroli, nikavuta kigoda, nikakaa kuingojea kabureta ikauke.