Turbo Moja, Wataalamu Mji Mzima

Nani alisema mji ujengwe juu ya vilima namna hii? Hapa Bukavu, Kongo, ukitoka ziwani unapanda, ukienda Kadutu unapanda, ukienda kuzika unapanda, na ukijiona unateremka ujue umekopa mpando wa jioni. Ni katika mji huu huu ndipo turbo ya Prado yangu, kile kifaa cha kuishindilia moteri hewa, ikaamua kustaafu. Tena bila adabu. Ilianza kwa kulia, uuuuiiii, sauti nyembamba inayopanda kila nikikanyaga. Sasa mama wa duka anayenidai sabuni na mchele anatoka mlangoni kabla sijakata kona. Zamani nilikuwa nampita kimya kimya, kila mtu na amani yake.

Halafu ukaja moshi wa buluu. Hapo ndipo utajua Bukavu hatuna uhaba wa wataalamu. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akanigongea kioo pale Place de l'Indépendance: "Papa, gari yako inaungua!" Mwingine akasema ringi za pistoni zimekwisha. Wa tatu, abiria wa yule wa pili, akasema ni mazutu, yaani dizeli, mabaya. Mama muuza samaki wa sambaza, ambaye sijawahi kumwona hata juu ya baiskeli, akainua kichwa kwenye beseni lake: "Ni turbo hiyo. Ya shemeji yangu ililia hivyo hivyo." Kinachoniuma ni kwamba yeye ndiye aliyepatia.

Gari lenyewe ni la 1997, moteri, yaani injini, ni ya 1KZ, lita tatu, lilishukia Dar es Salaam likitoka Japani. Aliyeniuzia aliapa kwamba lilikuwa la bibi kizee aliyelitumia kwenda sokoni tu. Bibi huyo! Kila gari ninalolijua hapa mjini lilikuwa lake. Alikuwa anaenda masoko mangapi?

Na usukani uko kulia, wakati sisi Wakongomani tunaendesha kulia. Kwa hiyo kupita lori ni kazi ya mke wangu, ndiye anayechungulia. "Pita, Papa Furaha! Pita!" Nakanyaga. Filimbi inapanda, mwendo haupandi. Tunalingana na lori, dereva wake ananisalimia, namuuliza habari za nyumbani, ananijibu watoto wazima. "Rudi! Rudi!" Narudi nyuma ya lori nikale moshi wake, naye ale wangu tukikutana tena.

Nikaenda garaji. Fundi akanipa somo ambalo sikuomba. Turbo, anasema, ni vigurudumu viwili vyenye mapanga kwenye mhimili mmoja. Kimoja kinasukumwa na moshi unaotoka kwenye moteri, cha pili kinakamata hewa safi na kuishindilia ndani. Kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Laki moja! Mimi nikizunguka ofisi za mji huu asubuhi moja kutafuta muhuri, nalala na viatu. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliomba hataza ya mambo haya mwaka 1905. Mtu wa milima mwenzangu, ningetegemea anihurumie.

Sasa huo mhimili, fundi anaendelea, unaelea ndani ya utando mwembamba wa mafuta ya moteri. Mafuta yakiwa machafu, au yakichelewa kufika, chuma kinasugua chuma, mhimili unalegea, mapanga yanagusa ukuta, ndiyo filimbi hiyo. Mafuta nayo yanapenya upande wa hewa, yanaenda kuungua, ndiyo buluu hiyo. Kisha akapandisha sauti, garaji nzima isikie: "Mukubwa, vidanji ya mwisho ulifanya lini?"

Haya ndiyo maswali ya mafundi wa siku hizi! Mtu umeleta turbo, anakuuliza habari za kubadilisha mafuta. Nikamwambia tubaki kwenye turbo. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama, akamwita mwanafunzi wake aje atazame, mwanafunzi akaita wenzake. Wakasimama pale kimya, mmoja amevua kofia.

Nikauliza kama siwezi kuvumilia nayo mpaka mwisho wa mwezi. Akasema hapana, kwa sababu turbo iliyochoka inaweza kuilisha moteri mafuta yake yenyewe. Unazima kontakti, ufunguo unautia mfukoni, na moteri inaendelea kupiga kelele na kuongeza mwendo mpaka ipasuke. Mimi nina vijana wakubwa nyumbani, kitu kinachokula chako na hakisikii ukikizima sihitaji kuelezwa mara mbili. Kijana mmoja wa garaji akapendekeza tuitoe turbo kabisa, tuzibe. Fundi akamfukuza. Hapa tulipo, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15, na moteri hii bila kushindiliwa hewa itafika Kadutu ikisukumwa na wanafunzi wa shule.

Basi nikaanza kutafuta turbo. Shemeji akasema niagize Kisekka, Kampala. Jirani akasema Gatsata, Kigali. Wote wawili wana "mtu wao" kule, na mtu wao kwanza anataka nauli. Nikaamua kwenda mwenyewe kwa wauza piyesi, yaani vipuri, wa hapa hapa. Kulikuwa na mpya, ndani ya boksi ambalo jina la kampuni limekosewa herufi. Kulikuwa na katiriji peke yake, yaani roho ya turbo, unaivalisha nyumba ya turbo yako ya zamani. Na kulikuwa na okazyo, yaani iliyotumika, kutoka Dubai, dola 280, "orijino, Papa, hii hutaipata tena."

Fundi alikuwa amenifundisha: shika ncha ya mhimili. Mhimili ukicheza kidogo sana kwenda pembeni, sawa, maana hapo hauna mafuta. Ukienda mbele na nyuma, rudisha kwa mwenyewe. Nikaushika. Ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukataka kunifuata nyumbani. Mwenye duka hakupepesa jicho: "Hiyo ni nafasi ya kupumua, Papa."

Nikachukua katiriji, dola 120. Nikahesabu noti. Akaziinua juani moja moja, akaifikia moja, akasita. Kuna katundu. Kichwa cha sindano hakipiti. "Hii imepasuka, Papa, haitapokelewa." Huyu huyu! Mhimili wake unatembea ndani ya nyumba, anasema unapumua. Noti yangu ikipumua kidogo, imekufa.

Kufunga nako ni hadithi. Nilidhani boliti zinatoka, boliti zinaingia, nalipa, naondoka. Kumbe kipoza hewa kimejaa mafuta ya turbo ya zamani, lazima kioshwe. Bomba linalopeleka mafuta lina masizi, lazima libadilishwe, la sivyo mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule. Silikoni kwenye gasiketi zake marufuku, vipande vinakatika na kuziba njia. Filta mpya. Mafuta mapya, na mengine yanamiminwa ndani ya turbo kabla ya kuwasha. Kila alipofungua mdomo niliushika mfuko wangu. Mwanafunzi wake alikuwa anaandika. Nilidhani ni masomo, kumbe ni fakitire ya kunidai.

Sawa, filimbi imekwisha, napanda Kadutu na gia ya tatu, watu wananitazama. Lakini fundi aliniachia sheria moja: ukitoka kupanda usizime moteri papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili, turbo ipoe, kwa sababu ukizima mafuta yanasimama na joto bado liko pale, yanaungulia ndani.

Jana tumemleta mama mkwe kutoka Panzi, yuko kiti cha nyuma na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, mapajani. Tumefika nyumbani. Nimekaa, mikono kwenye usukani, nasikiliza moteri. Watu kimya.

"Mkwe, tunangoja nini?"

"Turbo, mama. Inapoa."

Akamgeukia binti yake.

"Hata sombe inapoa."