Darasa la Simuni Linataka Baraza

Saa nne usiku, watoto wakishalala, jirani yangu wa Makorora huwasha simu akaingia darasani. Ana miaka 46, anashona nguo Ngamiani, na anasoma shahada. Kutoka hapa Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Angekwenda kukaa huko miaka mitatu, cherehani na watoto angemwachia nani? Asingesoma kabisa.

Wanaobeza chuo cha mtandaoni wana hoja mbili, moja dhaifu. Wanasema elimu ya masafa ni ya mteremko. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, kabla wengi wetu hatujaijua intaneti. Mitihani hufanyiwa kwenye vituo vya mikoa, msimamizi yupo. Aliyefaulu hapo kafaulu.

Hoja ya pili inaniuma kwa sababu ni kweli: upweke. Mtu mzima mara nyingi haangushwi na somo. Huangushwa na wiki tatu zilizofuatana za msiba, mtoto kuugua na bando kuisha. Akirudi, kundi la WhatsApp lina jumbe 400. Anaona haya kuuliza lililokwisha kujibiwa, ananyamaza, na hakuna anayegundua kwamba amenyamaza. Darasani kiti kitupu huonekana.

Nchi hii imewahi kulipatia dawa tatizo hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwa redio, mwalimu akiwa mbali vilevile. Lakini watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo lilitoka redioni. Kilichomrudisha mtu wiki iliyofuata, naamini, ni wenzake.

Kwa hiyo mimi nautetea mtandao, ila nataka uwe na baraza la kukalia. Najua kuna wanaopona kwa huko kujificha: mwenye mvi anayeona aibu kukaa na vijana wa rika la wanawe, au mama ambaye kutoka kwake nyumbani kuna maelezo marefu. Hao wasilazimishwe kuja. Wapigiwe simu tu, kwa jina.

Jirani yangu na wenzake wanne, mmoja muuguzi, mwingine karani wa bandarini, hukutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba yake. Mwenye bando huwarushia wengine, na aliyechapa maandishi huyasoma kwa sauti. Chuo hakikuwaagiza. Vituo vya mikoa vingeweza kuwafungulia chumba na kuwapa mtu wa kuwaongoza, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumpoteza mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Jumamosi iliyopita karani hakutokea. Kabla ya magharibi walikuwa wamekwisha kufika kwake.