Mjomba na Jiwe la Box

Mwashi wa Tanga ukimwambia jiwe haliinuki, umemtukania ukoo. Mjomba wangu alikuja Uingereza kunitembelea kiangazi kile, na kwa kukosa kazi akawa anazunguka nyumbani akigonga kuta na kuniuliza kajenga nani. Ndipo jirani yangu, mzee mstaafu, akachungulia juu ya ua: eti mgeni wako ni mwashi?

Tunakaa Wiltshire, karibu na kijiji cha Box, ambako chini ya vilima ardhi imetobolewa tobo tobo. Huko ndiko lilikochimbwa jiwe la Bath, jiwe la chokaa la kujengea. Handaki la reli la mhandisi Brunel, lililofunguliwa mwaka 1841, lilipita katikati ya jiwe hilo, na tangu hapo machimbo yakashika kasi. Jirani yangu ametoka kwenye ukoo wa wachimbaji, na ugonjwa wake ni huo: ukimpa "habari za asubuhi" tu, anakuingiza chini ya ardhi hadi saa sita.

Nyuma ya banda lake lilikuwapo jiwe la urefu wa mita moja, unene nusu mita kila upande. Nusu tani hiyo, tena na ushee. Alilitaka liwe kiti kando ya bwawa lake la samaki, kule bondeni mwa bustani, na alitaka lihamishwe kama walivyohamisha wazee wake. Mjomba hajui Kiingereza, mzee hajui Kiswahili, mkalimani nikawa mimi.

"Wachimbaji walianzia juu, chini kidogo ya dari," mzee akaeleza. "Walichimba mfereji kwa sururu, na kadiri ulivyoingia ndani ndivyo walivyobadilisha mpini, mrefu kwa mrefu zaidi."

"Muulize kwa nini wasianzie chini kama watu."

Nikauliza. Kumbe mfereji ule wa juu uliliachanisha jiwe na dari, ukampa na mwenye msumeno pa kuanzia. Alikata kushuka chini, kopo lililotobolewa likimdondoshea maji kwenye mkato. Jiwe la kwanza ndilo lililosumbua, maana lilibanwa kila upande. Hilo walilibandua kwa kabari na mitaimbo. Likishatoka, mengine yakapata pa kupitia.

"Kama mtu wa kwanza kushuka daladala," akasema Mjomba. Hiyo niliitafsiri kwa shida.

Kilichomnyamazisha ni chuma kidogo ambacho mzee alikitoa kwenye kitambaa chenye mafuta. Wao hukiita lewis, na Warumi walikuwa nacho. Kina vipande vitatu: viwili vya pembeni vimetanuka kwa chini, cha kati kimenyooka. Unatoboa jiwe tundu jembamba mdomoni na pana tumboni, unatumbukiza vya pembeni, kisha unashindilia cha kati katikati yao. Unapitisha pini na pete, unafunga mnyororo. Jiwe likivuta kwenda chini, vyuma vinatanuka na kulibana. Mjomba alikigeuza geuza kiganjani, akapiga ulimi. "Hawa watu walikuwa na akili, mjomba."

Tundu alilichonga yeye mwenyewe kwa patasi, akipuliza vumbi na kupima kwa kidole, na mzee hakuruhusiwa hata kusogea. Chini ya ardhi walikuwa na winchi ya mbao iliyosimama kati ya sakafu na dari. Sisi tulikuwa na magogo matatu yaliyofungwa vichwa na winchi ya mnyororo ya kuazima. Mjomba akaanza "Haraaambe!", mzee akaitikia "Mbee!" bila kuambiwa, na jiwe likainuka. Nusu tani inaning'inia kwenye kitu kinachoenea mfukoni! Tukalishusha taratibu juu ya toroli la magurudumu ya chuma, likazuiwa na kabari ya mti, na Mjomba akaenda kutawadha aswali adhuhuri.

Aliporudi, miguu ikichuruzika maji, mbwa wa mzee akatoka mbio kuja kumsalimia. Mwenye udhu na pua ya mbwa hawakai pamoja. Mjomba, miaka sitini na kitu, aliruka juu ya jiwe kama kijana, akasimama ameshika pete ya lewis. Mbwa, alipomkosa mgeni, akaona kijiti kizuri chini ya gurudumu. Akakichukua.

Mzee alikuwa amenieleza, dakika chache kabla, kwamba machimboni toroli la kushuka mlima lilikuwa na farasi na breki. Letu lilikuwa na Mjomba. Lilianza polepole, kiasi kwamba alipata nafasi ya kuniuliza, "Hii inaenda wapi?" Kisha likapita katikati ya nguo zilizoanikwa, likatokea upande wa pili Mjomba akiwa amevaa shuka, anasoma shahada kwa sauti. Ukingoni mwa bwawa toroli lilikwama. Jiwe halikukwama, wala Mjomba.

Maji yalimfika kiunoni. Lewis ilikuwa bado imelishika jiwe barabara, na mzee, badala ya kumpa mkono mgeni, akainama kuikagua kwa furaha. Mkewe akafungua dirisha la jikoni, akauliza kuna nini.

"Mwambie mama," Mjomba akanituma, shuka likimning'inia shingoni, "kiti chake kimefika."

Sasa yuko Tanga anaisimulia mwenyewe barazani. Mara ya mwisho niliyosikia, jiwe lilikuwa tani mbili, bwawa limekuwa mto, na mbwa wamefika watatu.