Jina liwe bonge, namba ya simu hapana

Ukitoka stendi ya Moshi kuelekea soko la Mbuyuni unakutana nazo kila hatua: herufi nene, za mviringo, zimeumuka kama maandazi. Ziko kwenye banda la juisi, ukuta wa chekechea, mgongoni mwa bajaji. Mimi naziita herufi bonge, na nazipenda. Wapo wasanifu wanaoziona za kishamba. Wao kila kitu kiwe chembamba na cha kijivu. Waacheni.

Kwanza si za juzi. Cooper Black, fonti (yaani mtindo wa herufi) ambayo nyingi zimeiga umbo lake, ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago ikaingia sokoni mwaka 1922, na mpaka leo inauza bidhaa. Siku hizi Fredoka na Baloo unazipakua bure kihalali, kwa hiyo ile tabia ya kubeba fonti za wizi kwenye flashi tuiache.

Kwa mtu wa stika zina faida ambayo mteja haioni. Kwenye kioo cha daladala, stika huanza kubanduka kwenye kona kali. Herufi isiyo na kona inang'ang'ania. Na ukishaikata, kutoa mabaki ni chap, huna vijimkia vya kuchokoa kwa wembe.

Shida huanza mteja akishanogewa. Anataka jina, huduma zote, bei, "Karibuni sana" na namba ya simu, vyote kwa bonge. Hapo nagoma. Unene wa herufi hizi umekula tundu la ndani. JUISI ikiandikwa kubwa, hakuna anayepotea. Ipunguze mpaka kimo cha kidole, kisha simama ng'ambo ya barabara uone: a na o zimekuwa pacha, na maneno yetu yamejaa irabu hizo. Namba ndiyo balaa zaidi. 8 imeziba, 6 imeziba, 0 nayo imebaki na kitundu cha sindano. Abiria anakosea tarakimu moja, anampigia bibi wa watu Rombo kumuulizia bei ya keki.

Wenye bucha nao wana lao. Ile ritifaa, yaani kialama cha juu, ya "ng'ombe" kwenye fonti hizi huwa nono kama herufi yenyewe, inasukuma pembeni hadi neno linasomeka NG OMBE. Isogeze kwa mkono, ipunguze kidogo. Ni kazi ya dakika moja, lakini wengi wanaprinti hivyohivyo.

Keki ya bethidei, aiskrimu, duka la nguo za watoto, twende. Duka la dawa nasitasita. Ratiba ya ibada ya mazishi, jamani, hapana, hata kama marehemu alikuwa mcheshi.

Kwa hiyo ukija kwangu na bango, jina nitalipiga bonge mpaka ufurahi. Simu na bei zitakaa chini kwa herufi za kawaida, zenye matundu wazi. Gharama haibadiliki.